Baada ya Karatasi ya Baiolojia: Adabu za Kulinganisha Majibu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, somo letu safari hii halimo katika vitabu mnavyosomeshwa hapa madrasa, wala hamtaliona katika muhtasari wa shule. Linahusu jambo mnalolifanya wenyewe kila ufikapo msimu wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne, nasi walimu wenu tumekuwa tukiliangalia kwa miaka kadhaa. Ni ile saa moja baada ya karatasi kukusanywa, pale watahiniwa wanapotoka chumbani na kujikusanya chini ya mwembe au kwenye ukuta wa shule, huyu akimwuliza yule, "Swali la nne umeandika nini?" Majibu yakilingana, watu hupeana mikono. Yakihitilafiana, sauti hupanda.

Tumeichagua Baiolojia kwa kuwa kwa miaka mingi imekuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari, awe wa mkondo wa sayansi au wa sanaa, kwa hiyo hakuna asiyekuwa na la kusema. Tena ni somo la mwili, na kila mtu anadhani anaujua mwili kwa sababu anao. Wanaobishana juu ya hesabu huchoka mapema. Wanaobishana juu ya moyo na figo huweza kufika nalo mpaka madrasa, swala ya Alasiri ikaswaliwa, misahafu ikafunguliwa, na bado ukasikia mnong'ono wa "nakwambia ni kongosho".

Je, jambo hili lina ubaya? Asili yake ni mubaha. Tena likifanywa vizuri lina asili njema zaidi ya hiyo, kwa sababu wanachuoni wetu tangu zamani walikuwa na mudhakara: wanafunzi wa sheikh mmoja hukaa baada ya darsa, kila mmoja akasoma alichokihifadhi, mwenzake akamsahihisha. Elimu nyingi iliyotufikia imepita katika vikao vya namna hiyo. Lakini tuangalie tofauti. Katika mudhakara kitabu kiko katikati, au sheikh yuko karibu, na mkikwama mnakirejea. Chini ya mwembe hakuna kitabu wala sheikh. Mwongozo wa kusahihishia uko kwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na karatasi uliyoijaza haitarudi mkononi mwako. Matokeo yakitoka utaona herufi moja mbele ya somo, A au B au C, bila kuambiwa swali la nne ulipata au ulikosa. Maana yake ni kwamba kesi inaendeshwa pasipo kadhi. Na kesi isiyo na kadhi hushinda mwenye sauti kubwa, au yule ambaye darasani huwa wa kwanza.

Tutoe mfano. Mwaka mmoja vijana wetu watano walitoka katika karatasi ya nadharia, wakaja moja kwa moja madrasa. Palikuwa na mabishano juu ya swali la urithi: baba na mama wote wawili wamebeba jeni ya selimundu bila wao wenyewe kuugua, yaani kila mmoja ni AS. Wavulana wanne walikubaliana kwamba wazazi hao wakipata watoto wanne, mmoja lazima awe mgonjwa. Binti mmoja alisema yeye ameandika kwamba kila mtoto ana uwezekano wa robo moja, na kwamba haiwezi kusemwa ni wangapi watakaougua. Wakamcheka. Mmoja wao alikuwa kinara wa darasa, naye akasema kwa uhakika kabisa, "Moja ya nne ya wanne ni mmoja, hesabu ya darasa la tano hiyo." Binti alinyamaza, akachukua mkoba wake akaenda nyumbani. Kesho yake palikuwa na karatasi ya Kemia. Mama yake alitueleza baadaye kwamba usiku ule hakufungua daftari. Alikaa akiamini kwamba, kama amekosa hata lile alilokuwa na yakini nalo, basi yale mengine yote yamekwenda.

Na yeye ndiye aliyekuwa amepatia.

Tulilifanyia swali hili darsa wiki iliyofuata, mitihani ilipokwisha. Tuliwagawia wanafunzi sarafu mbili mbili. Sarafu moja ni baba, ya pili ni mama. Upande wenye kichwa ni ile jeni ya ugonjwa, S, na upande mwingine ni jeni nzima, A. Ukizirusha pamoja umepata mtoto mmoja. Vikija vichwa viwili mtoto ni SS, anaugua. Kikija kimoja ni AS, amebeba kama wazazi wake. Pasipokuja kichwa ni AA. Kila mwanafunzi alirusha mara nne, kama familia yenye watoto wanne, akaandika. (Kwa wale wanaopenda kuuliza: hapana, haikuwa kamari. Hakuna aliyeweka kitu wala aliyeondoka na kitu, na sarafu zilirudi kwa mwenyewe.) Wako waliopata mgonjwa mmoja. Wako wengi ambao hawakupata hata mmoja. Wako waliopata wawili, na mmoja alipata watatu akashika kichwa.

Hesabu yake ni hii. Familia za namna hiyo zenye watoto wanne, katika kila 256, kwa kukadiria, 81 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, 108 zitakuwa na mmoja, 54 wawili, 12 watatu, na 1 itakuwa na wote wanne. Hao 108 ndio fungu kubwa kuliko mengine, lakini hawafiki nusu. Kwa hiyo aliyesema "lazima awe mmoja" amekosea katika familia nyingi zaidi kuliko alizopatia. Mtoto wa pili hajui kwamba wa kwanza amezaliwa mgonjwa. Kila mimba sarafu zinarushwa upya, kwa kadari ya Mola wake.

Tumelirefusha hili kwa makusudi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu. Miongoni mwenu wako wenye ndugu wanaougua, nao wanajua maumivu ya mifupa yanavyomtesa mtoto usiku, na safari za kuongezewa damu. Baada ya miaka michache mtaanza kuposa na kuposwa. Kijana anayeamini kwamba "wa kwanza kashaumwa, basi watatu wanaofuata watasalimika" atakuja kumwambia mkewe maneno hayo, na mke atayaamini. Wachumba wakipima damu kabla ya nikaha na kila mmoja akajua kama amebeba, watazungumza kwa elimu. Hilo ndilo jibu la swali lile, na thamani yake imezidi mbali alama mbili au tatu za mtihani.

Sasa tuje kwenye mabishano ya mishipa, ambayo hayakosi kila mwaka. Mmoja anasema ateri hubeba damu yenye oksijeni, mwenzake anasema si kila ateri. Kwanza tutanabahi na lugha yetu wenyewe. Mtihani mmeuandika kwa Kiingereza na ubishi mnaufanya kwa Kiswahili, na neno "mshipa" kwetu lina wasaa mkubwa: ni njia ya damu iendayo, ni njia ya damu irudiyo, mtu akishtuka tunasema mishipa imemsimama, na mzee akisema anaumwa na mshipa huenda anakusudia ngiri. Tumeshuhudia vijana wawili wakigombana robo saa nzima juu ya "mshipa mkubwa wa moyo", kumbe huyu anasema ule unaotoka na yule anasema ule unaoingia. Kabla ya kubisha, muulize mwenzako anakusudia nini. Watu wa usuli huita jambo hili kuainisha mahali pa mzozo, na nusu ya mizozo huishia hapo.

Ama swali lenyewe, ateri ni mshipa unaotoa damu katika moyo kuipeleka mbali, na vena ni ule unaoirudisha. Jina linafuata mwelekeo wa damu, halifuati usafi wake. Nyingi ya ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, lakini ile inayotoka upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni hubeba damu iliyopungukiwa na oksijeni, kwa sababu inaipeleka ikaichukue huko.

Na hapa tumtaje mtu ambaye angestahiki kukaa nasi chini ya mwembe. Ibn al-Nafis alikulia Sham na akafanya kazi ya utabibu Misri, akafariki Cairo mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na pia alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, haya haya tunayoyasoma, na Imamu al-Subki amemtaja katika kitabu chake cha tabaka za wanachuoni wa Kishafi. Zama zake jibu la "swali la moyo" lilikuwa limekwisha kukubaliwa na wote. Jalinus, tabibu wa Kiyunani aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 1000, alisema damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Ibn Sina, na ukubwa wake wote, akaenda naye katika kitabu cha Qanun. Nani atabisha? Ibn al-Nafis, katika sherehe aliyoiandika juu ya sehemu ya Qanun inayohusu maumbile ya viungo, kazi inayonasibishwa na mwaka 1242, alisema ukuta huo ni mnene na hauna kitundu, kinachoonekana wala kisichoonekana. Basi damu hapana budi ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha ndiyo irudi upande wa kushoto. Na ndivyo ilivyo. Ulaya jambo hili liliandikwa na Servetus mwaka 1553, na mzunguko kamili wa damu mwilini ukaelezwa na William Harvey mwaka 1628. Maandishi yale ya Ibn al-Nafis yalisahauliwa na wengi, hata tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta katika maktaba ya Berlin mwaka 1924 alipokuwa masomoni Ujerumani.

Tunalolitaka kwake si kujifakhirisha tu kwamba "Waislamu ndio wa mwanzo", maneno ambayo tumeyazoea na hayamfaulishi mtu mtihani. Angalieni alivyolinganisha jibu lake na la wakubwa zake. Hakumtukana Ibn Sina, bali alikaa akakisherehesha kitabu chake, na palipokuwa na kosa akasema hapa pana kosa na sababu yake ni hii. Wala hakuhesabu wangapi wako upande gani. Wangehesabiwa, angekuwa peke yake, kama yule binti.

Katika karatasi ya vitendo, kulinganisha majibu kuna hatari nyingine. Mmepewa myeyusho, mkatia Benedict, mkapasha moto. Mmoja aliona kijani, mwingine njano, wa tatu rangi ya matofali. Wakitoka nje, wa kijani anaona amekwisha. Lakini rangi ile hufuata wingi wa sukari iliyomo: kidogo huleta kijani, ikizidi huwa njano, kisha chungwa, kisha wekundu wa tofali. Tena aliyetoa moto mapema na aliyeendelea kupasha hawawezi kuona sawa. Wote watatu huenda wamesema kweli. Aliyekosea ni yule aliyeona kijani akachungulia kwa jirani, akaandika wekundu. Karatasi ya vitendo ni ushahidi. Unaulizwa umeona nini, na shahidi hashuhudii kwa jicho la mwenzake, hata kama jicho la mwenzake ni zima zaidi. Iodini ikigeuka bluu-nyeusi andika wanga, isipogeuka andika kwamba haikugeuka.

Na pale ambapo maabara ni ndogo, watahiniwa wakaingia kwa zamu, aliyetoka zamu ya kwanza asimweleze wa zamu ya pili alichokikuta mezani. Hilo si kulinganisha majibu tena, ni khiyana, na anayepokea ni mshirika wa anayetoa. Wako wanaosema, "Nilimsaidia ndugu yangu." Tunawajibu kwamba umewadhulumu maelfu ambao hawakuwa na ndugu mlangoni.

Tumekuta pia uongo mdogo ambao watu hawauhesabu. Mtu aliandika figo, akasikia wenzake wote wanasema ini, naye akasema, "Hata mimi niliandika ini." Wakati mwingine hata hadanganyi kwa kusudi. Kumbukumbu ya saa moja baada ya mtihani ni laini kama udongo wa kufinyangia, inachukua alama ya kidole cha mwisho kuigusa. Ndiyo sababu jibu la fulani la "niliandika" lisikuangushe moyo. Ama kusema, "Fulani kashafeli huyo, mmesikia alichoandika?", hiyo ni ghiba, na aya ya 12 ya Suratul-Hujurat inajulikana na kila mtoto wa madrasa hii. Hatuhitaji kuirefusha.

Lakini linalotuuma zaidi ni lile lililompata binti yule. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kuithibitisha Imamu Muslim katika Sahih yake, ametuelekeza tuyapupie yenye manufaa kwetu, tumtake Mwenyezi Mungu msaada wala tusilegee, na likitupata jambo tusiseme "lau ningelifanya kadha", kwa kuwa lau humfungulia shetani kazi yake. Angalieni mpangilio wake. Bidii imetangulia. Katazo la "lau" halimfai aliyelala miaka minne akaja kusema ni kadari. Ni la yule aliyefanya alichoweza, karatasi ikakusanywa, na sasa limebaki la kesho. Kila "lau" ya leo jioni inakata katika muda wa karatasi ya kesho asubuhi.

Tena fanya hesabu kabla ya kulia. Karatasi ya nadharia ya Baiolojia ina alama 100 na ya vitendo ina 50. Swali la kuchagua herufi lina alama moja. Aliyegundua chini ya mwembe kwamba amekosa vipengele viwili amepoteza 2 kati ya 150. Alama C huanzia 45 kwa mia, na A yenyewe huanzia 75, kwa hiyo hata mwenye A ameruhusiwa kukosa robo nzima. Ni ajabu mtu kuziacha 100 za Kemia kwa ajili ya kuziombolezea 2 ambazo hazirudi.

Kwa hiyo tunalowataka watahiniwa wa madrasa hii ni hili. Karatasi ikikusanywa, semeni alhamdulillah, ondokeni. Atakayekuuliza, mwambie kwa upole kwamba mtaonana mitihani ikimalizika. Imepokewa kwa Abu Umama, katika Sunan ya Abu Dawud, kwamba Mtume (S.A.W.) amemdhamini nyumba pembezoni mwa Pepo mwenye kuacha mabishano ingawa yeye ndiye mwenye haki. Basi anayejijua yuko sawa ana sababu zaidi ya kunyamaza siku ile. Swali lililokukera liandike kwenye daftari. Baada ya karatasi ya mwisho leteni madaftari, tukae Alasiri na kitabu kikiwa katikati, na kila mwenye jibu aje na sababu yake. Baraza la Mitihani nalo huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, na ndani yake huonyeshwa walipokosea na kwa nini. Wadogo zenu wa kidato cha tatu wakiusoma huo watafaidika kuliko kusikiliza ubishi wenu.

Ili tujizoeze, tunawapa maswali mawili.

La kwanza: Viazi mbatata viwili vimemenywa na kuchimbwa shimo juu kama kikombe. Kimoja ni kibichi, cha pili kimechemshwa kikapoa. Vyote vimekalishwa kwenye sahani yenye maji matupu, na ndani ya kila shimo imetiwa chumvi. Baada ya saa kadhaa katika kimoja shimo limejaa maji kwa namna ambayo haikutokea katika kingine. Ni kipi, na kwa nini?

La pili: Mtu amefunga Ramadhani, amekula daku saa kumi ya usiku, na sasa ni Alasiri. Hajaingiza chakula kwa saa kumi na mbili, na bado sukari katika damu yake haijaporomoka. Inatoka wapi, na ni kiungo gani kinachotoa amri?

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yaletwe siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana. Jibu lisilo na sababu halitasomwa, hata likiwa sahihi.